Posho ya Safari na Kodi ya Mshahara

Makatibu wa vyama vya msingi vya Mafinga huuliza mara kwa mara: mtumishi atumiaye pikipiki au gari lake kwa kazi za chama, je, aweza kudai nafuu ya kodi kwa kilomita alizokwenda? Uingereza njia hiyo ipo. Mwaka 2011 kiwango cha gari kiliwekwa peni 45 kwa kila maili, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka, na mtumishi aliyelipwa pungufu na mwajiri wake akaruhusiwa kudai nafuu kwa tofauti hiyo. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haikufuata njia hiyo. Nafuu ya mtumishi wa hapa imo katika hati ya malipo ya chama chenyewe, nayo hupotea hapo hapo hati ikiandikwa vibaya.

Sheria huhesabu posho ya safari kuwa mapato ya ajira, ikatwe kodi pamoja na mshahara. Lakini fedha iliyo marejesho tu ya gharama ambayo mtumishi aliitoa mfukoni kwa ajili ya kazi peke yake, hiyo si mapato.

Tuchukue katibu mwenye mshahara wa shilingi 300,000, tukiacha kando michango ya hifadhi ya jamii. Tangu mwaka 2020 shilingi 270,000 za mwezi hazitozwi kodi, na tangu 2021 kiasi kinachofuata, hadi 520,000, hutozwa asilimia 8. Kodi yake basi ni shilingi 2,400. Akilipwa juu yake "posho ya usafiri" ya 60,000 kila mwezi, asafiri asisafiri, kodi hupanda kuwa 7,200. Kama 60,000 hizo zingekuwa petroli ya safari zilizothibitishwa, angebaki na 4,800 zake.

Uthibitisho si jambo gumu. Katibu apelekaye taarifa kwa Mrajis Msaidizi huko Iringa, mwendo wa kilomita zipatazo 80, aandike katika daftari la safari tarehe, shughuli, na namba za mita ya chombo wakati wa kuondoka na wa kurudi. Mwenyekiti atie sahihi, na stakabadhi ya petroli ibandikwe kwenye hati. Yapo madaftari ambamo kila safari ni kilomita 100 kamili. Barabara za Mufindi hazikupimwa hivyo, na fedha hiyo ni ya wanachama. Safari ya kutoka nyumbani kwenda ofisini haimo kabisa.

Bodi yaweza kupanga kiwango kwa kilomita, mradi kisizidi gharama halisi. Ziada hukatwa kodi.

Msamaha wa kodi ya mapato waupatao baadhi ya vyama vya msingi hauondoi wajibu huu. Kodi ya watumishi hupelekwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ambayo haikukatwa hudaiwa chama chenyewe, pamoja na riba. Daftari na hati zitunzwe miaka 5.