Kununua Nyumba Kibumba: Nani Mwingine Ana Haki Hapa?

Mtu atokaye Goma kwa njia ya Rutshuru, akauacha mji nyuma yake na mlima Nyiragongo mkono wake wa kushoto, hufika Kibumba baada ya mwendo wa kilometa kama 20, mahali pa baridi na ukungu wa asubuhi na udongo mweusi, ambapo kabichi, vitunguu na viazi hupakiwa malorini kupelekwa sokoni. Nyumba za huko aghalabu ni za mbao na mabati, zimesimamishwa juu ya mawe ya volkano, nazo huuzwa mara kwa mara: mzee amefariki na watoto wamehamia mjini, au jamaa wamechoka kukimbia vita na kurudi, au kuna mgonjwa hospitalini na fedha hazipo. Watu wanaoniendea kwa ushauri katika mambo haya huniuliza kabla ya yote kama karatasi waliyopewa ni nzuri. Suala hilo lina maana yake, lakini mimi huwarudisha nyuma yake kidogo, kwenye suala ambalo ningependa kila mnunuzi ajiulize kabla hajatia mkono mfukoni: nani mwingine, zaidi ya huyu aniuziaye, ana haki juu ya mahali hapa?

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, imebainisha katika kifungu chake cha 53 kwamba ardhi yote ni milki ya Dola, milki isiyouzika wala kupotea kwa kupita kwa muda. Kwa hiyo mtu asemaye anauza kiwanja chake hauzi udongo. Auzacho ni haki ya kukaa na kutumia, pamoja na nyumba iliyojengwa hapo. Haki hiyo kwa raia wa Kongo yaweza kuwa ya daima, na kwa mgeni au kampuni huwa ya muda wa miaka 25 unaoweza kurudiwa, jambo ambalo watu wa mpakani hawana budi kulijua. Na kwa mujibu wa kifungu cha 219, haki hiyo huthibitika kisheria kwa hati ya uandikisho peke yake, ile ambayo watu wetu huiita sertifika, itolewayo na msajili wa hati za ardhi.

Walakini Kibumba haikujengwa kwa sertifika. Iko katika uchifu wa Bukumu, wilaya ya Nyiragongo, na mashamba yake yaligawanywa tangu enzi za mababu kwa idhini ya mwami na machifu walio chini yake. Mtu alipewa mahali, akalima, akajenga, akazikwa hapo, na majirani wakajua. Sheria ya 1973 ilizigeuza ardhi za jamii hizo kuwa za Dola, na katika kifungu cha 389 ikaahidi kwamba haki za wenye kuzikaa zitapangwa kwa amri ya Rais. Vizazi viwili vilikua vikiingojea amri hiyo. Kisha Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, ikaja kuilinda milki iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Baina ya maneno hayo ndipo asimamapo mnunuzi wa Kibumba: haki ya muuzaji ipo, lakini haikuandikwa katika daftari la ofisi yoyote, imo katika kumbukumbu za watu, na watu hao wataka kuulizwa kabla fedha hazijatolewa.

Mwaka 2023, wakati wenyeji wengi wa Kibumba walipokuwa wamekimbilia kambi ya Kanyaruchinya kwa sababu ya vita, alinijia mama mmoja mchuuzi wa kabichi, amebeba hati iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hati ilikuwa na sahihi ya muuzaji, muhuri wa chifu wa kijiji na majina ya mashahidi wawili, na fedha zilikwisha lipwa zote. Nikamwuliza, “Mama, na mke wa huyu baba, mbona simwoni humu?” Akanijibu, “Yuko kambini. Bwana yake alisema hakuna haja ya kumsumbua.” Tulipompata yule mke, alistaajabu. Alichoambiwa na mume wake ni kwamba nyumba imetolewa kwa muda tu, mpaka watakaporudi.

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yataka ridhaa ya mume na mke wote wawili ili nyumba au haki ya ardhi ihamishwe au iwekwe rahani, hata kama mali hiyo ni ya mmoja wao tu na hata kama wameoana kwa mkataba wa kutenganisha mali. Basi ile hati yenye muhuri ilikuwa na ila iliyotosha kuibatilisha. Mama wa kabichi alirudishiwa sehemu ya fedha zake; nyingine ilikwisha liwa. Nasema kwa uchungu, kwa kuwa sahihi ya yule mke ingepatikana kwa mwendo wa asubuhi moja. Na mtu asinijibu kwamba ndoa ilikuwa ya kimila na haikuandikishwa: palipo na mwanamke aliyelala na kulima mahali miaka 20, mnunuzi mwenye hadhari hupata sahihi yake au alama ya dole gumba lake, kisha huyaacha mabishano ya ndoa kwa wengine.

Warithi ni mlango wa pili wa taabu, na pengine mpana zaidi. Auzapo mtoto mkubwa nyumba ya marehemu baba yake kana kwamba ni yake peke yake, huuza na mafungu ya wenziwe. Kwa sheria yetu watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume sawasawa, ndio warithi wa daraja la kwanza, nao hupata robo tatu za tarka. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu huja daraja la pili. Binti aliyeolewa mbali hakupoteza fungu lake kwa kuolewa, ingawa wengi bado hudhani hivyo na wengine hujifanya wanadhani hivyo. Kuuza kisicho chako ni bei batili kwa sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo tunaitumia hata leo, na tena ni jinai. Lakini kifungo cha muuzaji hakimrudishii mnunuzi nyumba.

Nije sasa kwenye mipaka. Kibumba mpaka wa shamba mara nyingi ni safu ya mawe meusi yaliyopangwa kwa mikono wakati wa kusafisha shamba, au mstari wa miti ya minyaa, au mfereji ambao mvua za mwaka mmoja zaweza kuufukia. Mnunuzi aende mwenyewe, mchana, pamoja na muuzaji, chifu wa kijiji na majirani wa pande zote nne, auzunguke mpaka kwa miguu, asimame katika kila pembe, na katika kila pembe amwulize jirani kwa sauti ya kusikiwa na wote: hapa ndipo? Jirani akinyamaza, au akitazama chini, bei na isimame hapo hapo. Nimeona jirani mmoja mzee ambaye hakujibu neno. Aliinama tu, akafukua majani kwa fimbo, akaonyesha jiwe lililokaa hatua sita ndani ya mahali palipokuwa pakiuzwa. Vipimo viandikwe kwa mita, na majina ya majirani hao yaandikwe pamoja na sahihi zao, maana watu hao ndio daftari la mnunuzi.

Upande wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, sina maneno mengi. Ardhi iliyo ndani ya hifadhi haina muuzaji. Muhuri wa chifu hauwezi kuihalalisha, na alimaye hapo leo hana haki ya kumpa mwingine.

Kuhusu malipo, arbuni ndogo yatosha kuonyesha nia, na fungu kubwa lingoje mpaka mke, warithi, majirani na chifu wawe wamekwisha tia sahihi mbele ya mnunuzi mwenyewe. Dalali, ambaye Goma huitwa komisioneri, si shahidi wala mdhamini wa kitu, na fedha za nyumba zisipite mikononi mwake. Hati ieleze pia kama kinachouzwa ni nyumba pamoja na mahali pake. Nyumba ya mbao hubomolewa siku moja na kupakiwa lorini, na wako waliouziana mbao na mabati mmoja akidhani amenunua kiwanja.

Anunuaye Goma penyewe, kwenye viwanja vilivyopimwa, ana ofisi ya kuendea, na aende. Huko kuna watu wauzao wakiwa na mkataba wa kupanga wa Dola tu, ambao ni wa kutayarisha na hauzidi miaka 3. Huo si sertifika. Na akiona sertifika yenyewe, atazame tarehe yake, kwa kuwa hati hiyo yaweza kupingwa mahakamani katika miaka 2 ya kwanza, na baada ya hapo husimama imara. Haki haihami kwa kukabidhiana hati hiyo mkononi: ya zamani hufutwa na mpya huandikwa kwa jina la mnunuzi. Tena nakala hukaa katika kitabu cha ofisi, na manufaa yake walioyajua ni wale ambao nyumba zao zilifunikwa na moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, wakatoka bila hata kiatu.

Limebaki suala la auzaye kwa kukimbia, akitumaini kurudi. Ningependa apangishe kwanza, au amwachie jirani alime kwa maandishi. Ikiwa hana budi kuuza, sheria ile ya 1888 inaruhusu bei yenye haki ya kukomboa, ile ambayo watu wa pwani waliijua kwa jina la bei khiyari: muuzaji hujiwekea haki ya kurudisha thamani na kuchukua nyumba yake, kwa muda usiozidi miaka 5. Sharti hilo liandikwe ndani ya hati ile ile ya kuuzia, kwa tarehe na kwa kiasi. Yule mke wa Kanyaruchinya aliniomba nimsomee hati yote, na nilipomaliza akaomba nirudie tena polepole, akisikiliza mahali paliposemwa kwamba watarudishiwa. Hapakuwapo.