Kambi Kando ya Kijito: Ukimya wa Msituni Una Wenyewe

Neno kambi likitajwa katika visiwa vyetu, mawazo ya wengi huelekea kwenye mambo mawili. Vijana hukumbuka kambi za Jeshi la Kujenga Uchumi, mahali pa gwaride na jembe. Wavuvi, hasa wa Kojani na vijiji vingine vya Pemba, hukumbuka dago, yaani makazi ya muda ambayo mvuvi huyaweka katika pwani ya watu wakati wa msimu wa samaki. Kambi ya aina ya tatu, ambayo mtu hufunga hema lake akaenda kulala msituni kando ya maji, bila kazi ila kupumzika na kutazama maumbile, tumewaachia wageni kwa muda mrefu. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba jambo hilo si la wageni peke yao, na kwamba mtu wa Visiwani, kwa adabu zake za dago, anayo tayari elimu kubwa zaidi inayohitajika.

Tuchukue mfano wa mlima Kilimanjaro. Msafiri atokaye mjini Moshi hupita Marangu, akafuata barabara ya Rombo kupitia Mkuu hadi Tarakea, karibu na mpaka wa Kenya, kisha akaingia Rongai, upande wa kaskazini wa mlima. Hapo, katika kimo kinachokaribia mita 2,000, iko njia ya kupandia mlima ambayo mwanzo wake hupita katikati ya mashamba ya viazi na mahindi na katika msitu wa misonobari, miti ambayo wenyeji huiita mipaini. Mtu aliyezoea mivinje ya pwani hatajiona mgeni sana mahali hapo. Majani ya msonobari ni membamba kama sindano, na upepo ukipita juu yake hutoa sauti ile ile ya mvinje, sauti inayofanana na bahari iliyo mbali. Tofauti ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa huko humfanya mtu ajue thamani ya blanketi la pili.

Hata hivyo, ni lazima tuelewe tunachokiona. Misonobari ile si msitu wa asili. Ni shamba la Serikali, kama vile mikarafuu ilivyo shamba. Msonobari uliopandwa kwa wingi huko asili yake ni Mexico. Miche hupandwa kwa mistari, na katika miaka ya mwanzo wananchi huruhusiwa kulima mazao yao katikati ya mistari hiyo, wakaipalilia miti huku wakijipatia chakula. Miti ikikua na kivuli kikifunga, mkulima huhamia kipande kingine. Baada ya miaka ishirini hivi au zaidi miti hukatwa, ikapasuliwa mbao, na miche mipya ikapandwa. Mashamba ya namna hiyo, la Rongai na lile la Magharibi ya Kilimanjaro, yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kwa hiyo ule ukimya unaomvutia mgeni una sababu yake. Chini ya misonobari ardhi hufunikwa na sindano kavu, na mimea mingine huota kwa shida. Palipo na mimea michache, ndege na wadudu nao hupungua. Mtu akitaka kusikia msitu unaosema, hana budi apande juu zaidi, katika msitu wa asili wenye kuvu na miti iliyovaa ndevu za ukungu. Msitu huo wa juu ndio unaokamata mvua na mawingu, na ndio chanzo cha sehemu kubwa sana ya maji yatokayo mlimani. Wengi hudhani kwamba mito ya Kilimanjaro huletwa na theluji ya Kibo. Ukweli ni kwamba theluji huchangia kidogo tu; mzazi wa mito ni msitu.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Upande wa kaskazini vijito ni vichache, na watu wa Rombo wanaijua vizuri shida ya maji. Upande wa kusini, juu ya mji wa Moshi, mvua ni nyingi na vijito ni vingi. Lakini kote kuwili kijito hakiishii pale hema lilipofungwa. Wachagga, kwa karne nyingi, wamechimba mifereji waiitayo mifongo, inayochukua maji juu kabisa mlimani na kuyashusha kwa mteremko mdogo mdogo hadi kwenye vihamba vyao vya migomba na kahawa. Kila mfongo una wasimamizi wake, zamu zake za kunywesha mimea, na siku zake za kusafishwa. Asiyefika siku ya kazi hutozwa faini. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwingereza, na mahali pengi upo hata leo.

Maji yanayopita mifongo na vijito hushuka tena. Weruweru na Kikafu huingia katika mto Kikuletwa. Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka hapo mto Pangani huteremka hadi baharini, katika mji wa Pangani, mkabala na visiwa vyetu. Njiani maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na umeme wake huingia katika gridi ya Taifa. Unguja iliunganishwa na gridi hiyo kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba mwaka 2010 kwa waya utokao Tanga. Basi mtu wa Wete anapowasha taa yake, katika mwanga ule limo fungu, hata kama ni dogo, la kijito kilichopita kando ya kambi ya mtu fulani huko juu ya Moshi. Asiseme mtu kwamba mlima haumhusu.

Kwa bahati mbaya, zipo hatari ambazo kambi huzileta. Ya kwanza ni moto. Tarehe 11 Oktoba 1920 si tarehe ya kukumbukwa na yeyote, lakini tarehe 11 Oktoba 2020 watu wa Moshi hawataisahau. Siku hiyo moto ulizuka katika eneo la Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za mwanzo za Shirika la Hifadhi za Taifa zilieleza kwamba ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu, askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa kawaida, walipanda kuuzima kwa matawi na majembe, na kabla haujadhibitiwa zaidi ya kilomita za mraba 90 za mimea zilikuwa zimeungua. Oktoba 2022 moto mwingine ulizuka, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Ikiwa vichaka vya mlimani viliwaka namna hiyo, nini kitatokea katika shamba la misonobari, ambamo sindano kavu zimetandikwa kama zulia na kila shina limejaa utomvu unaowaka kama mafuta ya taa?

Hatari ya pili ni uchafu. Sabuni inayomwagwa kijitoni asubuhi hufika katika ndoo ya mtu wa chini kabla ya jua la utosi. Choo kisichochimbwa mbali na maji ni ugonjwa unaotumwa kwa watu wasiojulikana. Taka za plastiki hubaki pale miaka na miaka. Katika hili Visiwani tulitangulia, kwani Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Hatari ya tatu huzungumzwa mara chache, nayo ni ya haki. Mwaka 1941 ulitengwa mkanda wa msitu wenye upana wa nusu maili kuzunguka sehemu kubwa ya mlima, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuingia katika msitu mkubwa. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa nayo. Nia ya kuulinda msitu ilikuwa njema, na haja ilikuwepo, kwa kuwa ukataji wa miti ulikuwa umezidi. Lakini tangu hapo suala la akina mama wa vijiji vya mpakani, wanaotafuta kuni na majani ya ng'ombe wa zizini, limeulizwa mara nyingi. Haifai hata kidogo mgeni aokote kuni za kuotea moto wa starehe pale ambapo mama wa Kibosho amekatazwa kuokota za kupikia. Mwenye kupiga kambi na abebe jiko lake na gesi yake, na hilo likimwia zito, basi ale chakula baridi.

Dawa ya hatari zote tatu si ngeni. Mvuvi wa dago hatui katika pwani ya watu akatandika mkeka kabla ya kuonana na wenyeji. Huuliza maji ya kunywa yako wapi, na mahali gani pasiguswe. Akiondoka huacha jina jema, kwa sababu msimu ujao atarudi. Vilevile kila aliyepita chuoni alifundishwa tangu utotoni adabu za maji: kutoyafuja hata akiwa ukingoni mwa mto, na kutofanya haja njiani, kivulini, wala kwenye maji ya watu. Sheria ya nchi nayo imesema neno hilo hilo kwa lugha yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu wala zile zenye kuhatarisha hifadhi yake. Hema na lifungwe nje ya mita hizo. Sauti ya kijito huvuka mita 60 bila shida yoyote.

Sasa tunawageukia viongozi. Serikali imekuwa ikiwahimiza wananchi kutembelea vivutio vya nchi yao, na Wakala wa Huduma za Misitu umekuwa ukihamasisha utalii katika misitu yake. Hilo ni jema. Lakini kuhimiza bila kuandaa ni kumwita mtu karamuni bila kupika. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, katika mashamba ya miti patengwe sehemu chache, zinazojulikana na zenye mipaka, kwa ajili ya kambi za wanafunzi na familia. Pawe na choo, mahali pamoja pa jiko palipofyekwa sindano zote, na mlinzi. Mahema machache yenye utaratibu ni salama kuliko mahema mengi yaliyotawanyika.

Pili, mlinzi na kiongozi wa kambi watoke katika kijiji kilicho jirani, na sehemu ya ada irudi kijijini, hasa kwa kamati za mifongo. Mtu hulinda kile kinachomlisha.

Tatu, Wizara za elimu za pande zote mbili za Muungano zifikirie kubadilishana wanafunzi. Watoto wa Unguja na Pemba wapelekwe wakalale usiku mmoja chini ya misonobari ya Rongai, waone kijito kinapoanzia. Watoto wa Rombo na Moshi nao waje Jozani na Ngezi, waone msitu wetu, kisha wasimame ufukweni waone maji yale yanapoishia. Mwenge uliwashwa juu ya Kibo usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na kila mtoto wa shule amesoma habari zake. Ni wangapi kati ya watoto wetu wameuona mlima wenyewe?

Tunajua kwamba nauli ni kubwa na bajeti za shule ni finyu. Hata hivyo meli zipo, mabasi ya Moshi yapo, na hema moja hutumika miaka mingi. Kinachohitajika ni uamuzi, na ratiba inayoanza na shule chache kabla ya kuenea.

Atakayepata nafasi ya kwenda na aende. Apumzike, asikilize upepo, alale vizuri. Ila akumbuke kwamba chini yake kuna mtu mwenye ndoo mkononi, anayeyangoja maji hayo hayo.