Antiokia Wanaijua, Fuladoyo Je?

Katika Agano Jipya lote, jina Mkristo limeandikwa mara tatu tu. Mwinjilisti mmoja wa Vitengeni, Kilifi nchini Kenya, hawaambii vijana wake wa kipaimara ni wapi. Huwapa Biblia, akawaacha wapekue. Atakayeona husimama akasoma kwa sauti.

Siku niliyoketi nao, jibu la kwanza lilipatikana upesi: Matendo ya Mitume, sura ya 11, mjini Antiokia. La pili lilikawia: sura ya 26, kinywani mwa Mfalme Agripa akimjibu Paulo, mfungwa aliyesimama mbele yake. La tatu liliwatoa jasho, mpaka msichana mmoja wa nyuma akaliona katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4, penye habari za wanaoteswa. Ndipo mwalimu akawauliza kama katika mahali hapo patatu yupo hata mmoja aliyesimama akajiita Mkristo. Wakarudi kwenye kurasa. Hayupo.

Kwake somo huanzia hapo. Anaamini jina hilo lilitoka kwa majirani, watu wa mji walioshangaa kuona Myahudi na Myunani wakila pamoja. Kisha huwageuzia vijana swali: wanaowatazama ninyi hapa Vitengeni, kisimani na sokoni, wangewapa jina gani?

Antiokia ulikuwa mji mkubwa. Seleuko wa Kwanza aliujenga kando ya mto Orontes yapata mwaka 300 KK, na enzi za mitume ni Roma na Aleksandria tu zilizoupita katika dola nzima. Leo ni Antakya, Uturuki, mji ulioangushwa na tetemeko la mwaka 526 na ukaangushwa tena na lile la Februari 6, 2023.

Ila mwinjilisti hakawii kwa wafalme. Moyo wake uko kwa waliofika wakikimbia. Stefano alipouawa Yerusalemu, waumini walitawanyika, na watu wa Kupro na Kirene ndio waliothubutu kuwahubiria Wayunani wa Antiokia. Kirene ni Afrika, katika Libya ya leo. Majina yao hayakuandikwa. Barnaba alipotumwa kutoka Yerusalemu, alikuta kanisa limekwisha kuzaliwa; kisha akamleta Paulo. Mwalimu anapofika hapa hupunguza kasi, akalirudia neno moja: wakimbizi.

Halafu huuliza nani anaijua Fuladoyo. Siku ile hakuinuka mkono hata mmoja.

Fuladoyo kilikuwa kijiji cha watoro katika nchi hii hii ya Wagiriama, watu waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani. Neno lilikuwa limefika eneo hili kabla yake: wamisionari Krapf na Rebmann walifungua misheni Rabai mwaka 1846. Abe Ngoa, Mgiriama, akajifunza huko na kulipeleka neno kwa watu wake. Fuladoyo iliongozwa na Mkristo aliyeitwa David Koi. Hakuwa kasisi. Watoro walimjia, akawapokea na kuwafundisha. Mwaka 1883 watu wa Takaungu, mji wa pwani wa mabwana wa watumwa, walimkamata, wakamuua. Miaka sita baadaye, Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru Rabai, baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Koi hakuiona siku hiyo.

Mwinjilisti anasema kitabu anachofundishia kina ramani ya safari za Paulo, lakini Fuladoyo hakina. Yeye aliisikia kwa wazee. Haoni kwa nini mtoto wa Vitengeni aweze kuonyesha Orontes kwa kidole, asijue kwamba kanisa la namna ile ile, la wakimbizi na walimu wasio na cheo, lilisimama katika ardhi ya babu zake na kulipiwa kwa damu.

Lipo jambo linalomzuia. Wajukuu wa watoro na wajukuu wa mabwana leo wanapanda matatu moja, wanauziana mahindi, wanaoana. Atasimuliaje kifo cha Koi bila kumfanya jirani abebe kosa la babu yake? Na akinyamaza, nani atakayewaambia hawa vijana? Maswali hayo alinipa mimi, nami sina jibu la kumrudishia. Alichoamua ni kuendelea kufundisha: juma lijalo kila kijana arudi na jina moja la mtoro au mwalimu wa zamani, aliloliuliza nyumbani kwao.