Je, Wajua? Simba wa Mkongo na Jino Lake

Je, wajua kwamba kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 watu wapatao 35 waliuawa na simba katika vijiji vya Mkongo, wilayani Rufiji, na kwamba lawama kubwa iliangukia simba mmoja dume? Wanakijiji walimpa jina la Osama. Askari wa wanyamapori walipomuua hatimaye, hakuwa mzee aliyeshindwa kukimbiza swala, kama ilivyozoeleka kusemwa juu ya simba wala watu. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka mitatu na nusu tu. Kinywani, gego moja lilikuwa limepasuka, na chini yake kulikuwa na jipu lililojaa usaha. Wataalamu waliona kwamba huenda maumivu hayo ndiyo yaliyomfanya atafute mawindo laini, yasiyo na ngozi nene wala pembe.

Nao simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliotisha wajenzi wa reli ya Mombasa mwaka 1898, wako Chicago kwenye jumba la makumbusho la Field, lililonunua ngozi na mafuvu yao katika miaka ya 1920. Mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi. Mwaka 2024 watafiti walichukua vinyweleo vilivyonasa kwenye meno yaliyovunjika, wakavipima vinasaba, wakakuta twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa na binadamu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado walichokula kinasomeka menoni.

Tukirudi Rufiji: mkulima wa mpunga hulala shambani. Bonde hufurika, kwa hiyo hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyasi, chenye ngazi ya miti. Huko hukaa na watoto wake miezi ya mavuno, mchana wakifukuza ndege, usiku wakigonga madebe kufukuza nguruwe pori. Nguruwe hao ni wengi. Wakazi wengi wa huku ni Waislamu, hawali nyama ya nguruwe. Nguruwe hufuata mpunga, simba humfuata nguruwe, na katikati yao amelala mtu kwenye kibanda kisicho na mlango wa maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu 1990, na ukaonyesha kuwa mashambulizi yalikuwa mengi zaidi wakati wa mavuno, na mahali penye nguruwe wengi. Naamini anayetaka kuwalinda simba aanze kwa kumsaidia mkulima huyu kuwazuia nguruwe.

Usiku gani wa hatari zaidi? Si wa mwezi mpevu. Mwanga mwingi humnyima simba maficho, naye hushinda na njaa. Siku zinazofuata, mwezi huchelewa kuchomoza, na saa za mwanzo baada ya magharibi zinakuwa giza totoro huku watu bado wanatembea. Uchambuzi wa mamia ya mashambulizi nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba hizo ndizo saa mbaya.

Je, wajua mzinga wa Kijerumani unaoonyeshwa Fort Jesus, Mombasa, ulizama kwanza kwenye matope ya delta ya mto Rufiji? Ni wa manowari Königsberg, iliyojificha ndani ya mikoko mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Waingereza walilazimika kuleta ndege, wakati huo chombo kigeni kabisa, zikiruka kutoka Mafia ili kuonyesha mahali ilipo. Julai 11, 1915, baada ya kupigwa vibaya, mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu na kuburutwa na wapagazi katika vita vya nchi kavu. Mwingine uko Pretoria. Jina la nahodha, Looff, limo katika kila kitabu cha vita hivyo. Majina ya wapagazi ni nadra kuyakuta.

Katika vita hivyohivyo, mwindaji Frederick Selous aliuawa Beho Beho, Januari 4, 1917. Kaburi lake liko hukohuko porini, sanamu yake iko kwenye jumba la makumbusho la viumbe asilia London, na sehemu kubwa ya pori lililobeba jina lake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019.

Shanga nazo zina habari. Mkukutu, karibu na Kibiti, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za kioo za enzi ya Warumi, akachapisha matokeo mwaka 1999. Hoja yake ni kwamba Rhapta, soko la mwisho la pwani hii lililotajwa na mabaharia wa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, lilikuwa pande hizi. Si wote wanaokubaliana naye kuhusu Rhapta, lakini shanga zimefukuliwa na zipo.

Ukiingia nyumba ya kale Lamu au Zanzibar, angalia juu. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki kwa urahisi mita tatu. Majahazi yalizipeleka boriti za Rufiji hadi Uarabuni, na mikoko ya delta, zaidi ya hekta 50,000, bado ni msitu mkubwa wa aina hiyo Afrika Mashariki.

Ngarambe, kusini mwa mto, ndipo Kinjikitile Ngwale alipogawa maji ya dawa kabla ya Vita vya Majimaji vya 1905. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwaka huohuo. Leo Ngarambe na jirani yake Tapika wana jumuiya yao ya hifadhi, na wanyamapori wa ardhi ya vijiji hivyo wanasimamiwa na wanavijiji wenyewe.

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana Kilindoni, Mafia, hasa Oktoba hadi Machi, akichuja vijidudu na kamba wadogo kwenye maji yanayorutubishwa na Rufiji.

Na nguva? Maji kati ya delta, Mafia na Kilwa ni kimbilio lake la mwisho nchini. Hula nyasi za baharini na kupumua kwa mapafu kama sisi, hivyo akinaswa na jarife hufa maji baada ya dakika chache. Sheria inamlinda. Mvuvi akimkuta bado anahema, afadhali akate nyuzi: jarife hushonwa upya, na nguva jike huzaa mtoto mmoja tu kwa miaka kadhaa.