Kutoka Pointi Hadi Hoja: Kiingereza cha Kidato cha Sita na Mlango wa Chuo Kikuu



Daladala namba 309 inayotoka mjini Unguja kwenda Jambiani hupita Tunguu. Hapo Tunguu kuna vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza masomo mwaka 2001. Kijana wa Jambiani huvijua vyuo hivi tangu utotoni, maana kila anapokwenda mjini hupita jirani navyo. Siku akifaulu kidato cha sita, wazazi hushukuru Mungu na kuona kwamba sasa kilichobaki ni ada na mkopo.

Lakini katika muhula wa kwanza kijana hukutana na jambo ambalo hakulitarajia. Anapewa kazi ya kuandika kurasa kadhaa kwa Kiingereza, anaiandika kama alivyozoea shuleni, na inarudi ikiwa na alama ndogo. Mhadhiri ameandika pembeni: hoja yako iko wapi? Kijana anashangaa, kwa sababu pointi zote zimo.

Makala hii inaeleza swali hilo la mhadhiri. Inawahusu wanafunzi wa shule za Unguja, wakiwamo watoto wa waamini waliotoka bara kufanya kazi katika hoteli za pwani ya mashariki. Inawahusu pia waseminari, kwa kuwa mseminari naye hufanya mtihani uleule wa kidato cha sita kabla ya kuingia falsafa.

Krediti ni nini?

Tuanze na mfano wa nje. Nchini Marekani karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni husoma somo la uandishi. Somo hilo kwa kawaida lina krediti 3, na shahada ya kwanza inahitaji krediti zipatazo 120. Krediti ni kipimo cha kazi ya masomo. Hapa kwetu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huhesabu krediti moja kuwa ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Ndiyo maana tarakimu za Marekani na zetu hazilingani, ingawa jina ni moja.

Wamarekani waligundua kwamba baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wana uwezo wa kufanya kazi ya chuo wakiwa bado shuleni. Tangu mwaka 1955 upo mpango unaoitwa Advanced Placement, unaosimamiwa na bodi ya College Board. Katika somo la lugha ya Kiingereza na uandishi, mwanafunzi hufanya mtihani mwezi Mei na kuandika insha tatu. Katika insha ya kwanza hupewa maandishi ya watu mbalimbali juu ya jambo moja, naye hujenga msimamo wake akitumia angalau matatu kati ya hayo. Katika ya pili huchambua jinsi mwandishi mwingine alivyojaribu kuwashawishi wasomaji wake. Katika ya tatu hutetea msimamo kwa ushahidi anaoutafuta mwenyewe kichwani. Alama ni kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kwa aliyepata 3 na kuendelea, vingine hudai 4 au 5, na kila chuo hujiamulia.

Ipo njia ya pili. Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kilianza mwaka 1972 mpango wa kupeleka masomo yake kwenye shule za sekondari. Mwanafunzi hubaki shuleni kwake, hufundishwa na mwalimu wa shule aliyeandaliwa na chuo, na krediti zinatoka chuoni. Hapa hategemei mtihani wa siku moja, bali kazi za muhula mzima.

Faida ya mipango yote miwili inaonekana: mwanafunzi huokoa muda na ada. Faida kubwa zaidi ni kwamba anapofika chuoni, kuandika kwa hoja si jambo geni kwake.

Hali yetu

Kwa Tanzania, jambo linalokaribia zaidi mipango hiyo linapatikana katika shule za kimataifa. Shule ya Kimataifa ya Tanganyika jijini Dar es Salaam na UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha hufundisha mtaala wa International Baccalaureate. Kila mwanafunzi wa diploma hiyo huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, kwa swali alilolichagua yeye na mwalimu wa kumwongoza. Vyuo vingi vya Marekani na Kanada hutoa krediti kwa alama nzuri za mtaala huo. Lakini ada ya shule za namna hiyo haiwezwi na familia nyingi.

Mwanafunzi wa shule ya serikali, wa Unguja na wa bara, hufanya mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Akichagua tahasusi ya HKL, HGL au KLF, husoma Kiingereza kama somo kamili, upande wa lugha na upande wa fasihi. Ufaulu wake humfungulia mlango wa chuo: sharti la jumla la TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Lakini ufaulu huo haumpunguzii krediti hata moja. Aliyepata A ya Kiingereza na ambaye hakukisoma kabisa kidato cha tano na sita wataketi pamoja darasani kusoma stadi za mawasiliano za mwaka wa kwanza.

Vyuo vyetu havikuanzisha masomo hayo kwa bahati mbaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, kwa sababu wahadhiri waliona wanafunzi wanafika na akili nzuri lakini hawawezi kusoma wala kuandika Kiingereza cha chuo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha shule zetu na kuonyesha kwamba kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kujifunzia masomo mengine. Sasa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeingiza kidato cha tano na sita somo la Mawasiliano ya Kitaaluma. Ni hatua ya kuleta shuleni kazi iliyokuwa ikisubiri chuo. Matunda yake yatategemea namna linavyofundishwa, na hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Pointi na hoja

Tumchukue mwanafunzi wa Jambiani aliyepewa swali: je, kilimo cha mwani kimewanufaisha wanawake wa kijiji chako? Swali anaijua habari yake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989. Amewaona mama zake wakishuka pwani maji yakipwa, wakifunga mbegu kwenye kamba na kuzikaza kwa vijiti mchangani, kisha wakivuna baada ya wiki sita hivi na kuanika.

Kwa mazoea ya shuleni ataandika utangulizi wenye maana ya neno mwani, kisha pointi sita: mwani huleta kipato, hutoa ajira, huingiza fedha za kigeni, hutengenezwa sabuni, hupunguza umaskini, huinua wanawake. Atamalizia kwa kusema serikali iongeze juhudi. Kila pointi ina alama yake, naye amefundishwa kuzikusanya.

Tazama tena orodha hiyo. Kipato, ajira na kupunguza umaskini ni karibu jambo moja lililosemwa mara tatu. Fedha za kigeni ni faida ya nchi, na swali lilihusu wanawake wa kijiji. Pointi ya mwisho ndiyo iliyoulizwa, na ndiyo isiyoelezwa. Ukizipanga upya pointi hizo, ya sita ikawa ya kwanza, insha haiharibiki. Hiyo ni dalili kwamba hakuna hoja.

Hoja ingeweza kuwa hivi: kilimo cha mwani kiliwapa wanawake wa Jambiani fedha zao wenyewe, lakini hakikuwapa nguvu ya kupanga bei, kwa sababu huuza mwani mkavu kwa wanunuzi wachache, na usindikaji mkubwa hufanyika nje ya nchi. Sentensi hiyo mtu anaweza kuipinga. Kwa hiyo mwandishi analazimika kuitetea, na kila aya inapata kazi yake. Aya moja itaonyesha fedha hizo zilitumika vipi nyumbani. Nyingine itaeleza safari ya mwani kutoka pwani hadi kiwandani ng'ambo, unakotolewa utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Nyingine itaeleza kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri, inayoitwa cottonii, hufa maji ya pwani yanapopata joto, hivyo mkulima hubaki na aina ya bei ndogo. Aya ya nne itampa nafasi mpinzani: mbona wapo wanawake wanaotengeneza sabuni ya mwani na kuiuzia watalii? Mwandishi atakubali, kisha atauliza ni wangapi na wanauza kiasi gani.

Hapo ndipo suala la chanzo linapoingia. Akisema bei ilishuka, nani kamwambia? Kama ni bibi yake, aandike kwamba amemhoji mkulima. Kama ni kitabu, akitaje. Kunakili maneno ya mtu na kuyafanya yako ni kosa la kitaaluma linaloweza kumfutia mtu matokeo chuoni, na kwa dhamiri ni uongo na wizi kwa pamoja. Mwanafunzi aliyezoea kukariri notisi na kuzirudisha kama zilivyo hajui kwamba amevuka mpaka, kwa sababu jambo lililompa sifa shuleni ndilo linalomwadhibu chuoni.

Mzigo wa lugha

Tusimlaumu mwanafunzi upesi. Kusini mwa Unguja watu wana Kiswahili chao cha asili, Kikae, ambacho Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilikitolea kamusi mwaka 2012. Mtoto hutoka katika lugha ya nyumbani, akakutana na Kiswahili sanifu shuleni, kisha Kiingereza. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtu anayetafuta neno katika lugha ya tatu hana nafasi kubwa ya kutafuta hoja, na hukimbilia sentensi alizozikariri.

Hata hivyo hoja haina lugha moja. Vijana wa Jambiani husikia hoja kila siku barazani, wazee wakibishana na kila mmoja akitoa sababu na mfano. Anayejua kutetea jambo barazani kwa Kiswahili ameshapata nusu ya kazi. Amfikirie msomaji wa insha yake kama mzee mkaidi wa barazani asiyekubali kitu bila sababu.

Somo kwa mseminari

Mseminari anayefika Kibosho au Ntungamo kusoma falsafa hukutana na tatizo hilohilo, pengine mapema zaidi. Lakini ana mwalimu wa zamani wa kumsaidia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, kila mara huanza na mapingamizi dhidi ya jibu lake. Anapouliza kama Mungu yupo, anaweka kwanza mapingamizi mawili yenye nguvu: kwamba uovu upo duniani, na kwamba mambo yote yaonekana kuelezeka bila Mungu. Baada ya hapo ndipo anatoa jibu lake na njia zake tano, kisha anarudi kujibu pingamizi moja moja. Huo ndio muundo wa insha ya chuo: swali, upande wa pili uliosemwa kwa haki, msimamo, sababu, na majibu. Padre atakayehubiri kwa kukusanya pointi bila hoja atawachosha waamini kama insha inavyomchosha mhadhiri.

Tufanye nini?

Hatuwezi kuamuru vyuo vyetu vitoe krediti kwa kazi ya kidato cha sita, ingawa ni jambo linalofaa kujadiliwa sasa kwa kuwa somo la Mawasiliano ya Kitaaluma limeingia. Lakini ujuzi wenyewe hausubiri krediti. Kuanzia mtihani wa Mei hadi chuo kufunguliwa, kijana ana miezi kadhaa mkononi. Kila juma aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza juu ya jambo analolijua: mwani, hoteli, bei ya samaki. Sentensi ya kwanza iwe dai linaloweza kupingwa. Amsomee mwenzake kwa sauti, naye mwenzake awe mpinzani. Kisha auandike upya. Kuandika upya ndiyo sehemu tunayoiruka zaidi, nayo ndiyo inayofundisha.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana nafasi. Amwambie mwanawe amweleze insha hiyo kwa Kiswahili, kisha amuulize swali moja: kwa nini niamini? Kijana akilijibu swali hilo nyumbani Jambiani, atakuwa tayari kulijibu Tunguu.