Usalama wa Kuchungulia Baruapepe Taka

Kuchungulia baruapepe ni kuyasoma yaliyomo katika kidirisha kilicho kando ya orodha ya barua, bila kuifungua barua yenyewe. Watumiaji wengi huiona hatua hii kuwa salama kuliko kufungua. Hata hivyo, kwa upande wa kompyuta tofauti hiyo ni ndogo: ili barua ionekane kidirishani, sharti programu ifasiri msimbo wake wa HTML kama ifanyavyo inapoifungua.

Hatari zitokanazo na jambo hilo ni za aina mbili. Ya kwanza ni kutekelezwa kwa msimbo hasidi. Mwaka 1999, kirusi cha BubbleBoy kilianza kazi katika Outlook Express mara barua ilipochunguliwa, pasipo kiambatisho chochote kubofywa. Kasoro kilichoitumia ilikuwa imekwisha kutolewa kiraka na Microsoft, hivyo waliobaki hatarini ni wale ambao hawakuwa wamesasisha programu zao.

Ya pili ni kufichuka kwa msomaji. Picha iliyohifadhiwa katika seva ya mtumaji, hata iwe ndogo isiyoonekana, ikipakiwa humjulisha kwamba anwani ile inatumika. Anayechungulia ili ahakikishe kuwa barua ni taka huweza kujiletea taka zaidi.

Kwa hiyo, usalama hautegemei kuchungulia au kufungua, bali kile programu inachoruhusiwa kufanya inapoonyesha barua. Kusasisha programu, kuzuia picha za nje na kuonyesha maandishi matupu hupunguza hatari zote mbili.