Rapa wa Mutoshi mbele ya watu: namna ya kuandaa maneno na sauti

Jioni moja ya kiangazi huko Mutoshi, kijana mmoja alipanda jukwaa la mbao lililojengwa mbele ya baa. Sauti yake ilitoka kwenye spika kabla hajafungua kinywa, kwa sababu alikuwa ameleta wimbo mzima pamoja na maneno yake. Katika ubeti wa pili jenereta ilizimika. Muziki ukanyamaza, naye akanyamaza. Watu wakacheka. Ni yeye aliyetunga maneno yale, lakini hakuweza kuyasema bila mashine.

Sisi tunaosoma lugha tumezoea kuchambua mashairi yaliyokwisha kuchapwa. Rapa anayejitegemea, asiye na prodyuza wala kampuni, ana kazi nyingine: maneno yake hayajakamilika mpaka yasikike. Mambo manne yanaweza kumsaidia.

La kwanza ni silabi na pumzi. Kifaransa husema "je t'aime" kwa silabi mbili. Hapa kwetu "minakupenda" ina silabi tano. Anayeandika Kiswahili kwa kipimo cha rapa wa Paris hujaza mstari kupita kiasi, halafu pumzi inamwishia njiani. Muziki wa mapigo 90 kwa dakika, wenye mapigo manne kwa kila mstari, humaliza ubeti wa mistari 16 kwa sekunde 43 hivi. Chukua kalamu, utie alama mahali utakapovuta pumzi, kwa mfano kila baada ya mistari miwili. Nafasi ikikosekana, punguza maneno. Kisha fanya mazoezi ukitembea, maana jukwaani hutakuwa umeketi.

La pili ni vina. Vitenzi vyetu vingi huishia kwa "a". Kwa hiyo kina cha irabu moja hupatikana bila jasho, na katika kelele hakisikiki. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tafuta vina vinavyoanzia hapo: "shimo" na "kilimo", "mutoto" na "moto". Vina hivyo vinabebwa na mkazo, na sikio huvidaka hata spika zikiwa mbovu.

La tatu ni lugha yenyewe. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh J alitia maneno ya Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby", na vijana wakaona kwamba rapu inaweza kusemwa kwa lugha yao. Karibu nasi zaidi, huko Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza tamthilia kwa Kiswahili cha mji. Johannes Fabian, aliyefuatilia kazi yao mwaka 1986, alieleza jinsi mchezo ulivyokua katika mazoezi bila maandishi ya kukariri: wachezaji walikubaliana juu ya vipande, kisha wakatafuta maneno kwa kuyasema. Rapa afanye vivyo hivyo. Apange mfuatano wa nyimbo zake, lakini aache nafasi ya kuwajibu watu. Wala asisafishe "bantu" na "beko" ili aonekane amesoma. Akimtaja mchimbaji, amtaje kwa maneno ya mchimbaji mwenyewe, maana atakuwa amesimama pale pale akisikiliza.

La nne ni vyombo na mapatano. Leta muziki usio na sauti yako, au wenye kiitikio tu, katika kle mbili, kwa sababu moja inaweza kukataa. Shika mikro karibu na kinywa, usifunike kichwa chake kwa kiganja: maneno huzibika na spika huanza kupiga mluzi. Usisimame mbele ya spika ukiwa na mikro mkononi. Kabla ya siku hiyo, andikeni kwenye karatasi malipo ni kiasi gani, kwa dola au kwa faranga, yatatolewa lini, nani analeta sono na nani analipa usafiri. Omba sehemu ya malipo kabla ya kupanda. Nyimbo zako pia ziandikishe SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoanzishwa mwaka 2011; sifa za baa haziwezi kuthibitisha kwamba wimbo ni wako.

Limebaki jaribio moja, nalo halina gharama. Siku mbili kabla ya kupanda jukwaani, simama uani jioni, useme wimbo wote bila muziki mbele ya mama, majirani na wadogo zako. Ukimaliza, mwombe kila mmoja akurudishie mstari mmoja anaoukumbuka. Ubeti ambao haukurudishwa na mtu hata mmoja, kaa chini uuandike upya. Ule uliorudishwa na watatu, uweke mwanzoni. Na umeme ukikatika, endelea na huo huo.